Mwezi Gisabo, Mwami wa Burundi

1. Nchi iliyo ng'ambo ya Rusizi

Mtoto akisimama alfajiri ukingoni mwa ziwa huko Nyamianda, Uvira, akatazama upande wa mawio ya jua, huona safu ya milima mirefu ng'ambo ya maji. Milima hiyo ni ya Burundi. Kati ya Uvira na milima ile mto Rusizi hupita katika bonde pana, kisha huingia ziwani Tanganyika. Bondeni kuna joto na mbu wengi. Juu milimani kuna baridi, ukungu wa asubuhi na majani mazuri ya kulisha ng'ombe.

Huko juu ndiko alikokaa Mwami Mwezi Gisabo. Alitawala zaidi ya miaka 50, akafa mwaka 1908. Hakuwa na bunduki nyingi, wala hakujenga mji wa mawe. Wazungu walipomletea vita alishindwa. Lakini baada ya miaka michache wale wale waliomshinda waliona kwamba nchi haitawaliki bila yeye. Wakamrudishia heshima waliyomnyang'anya.

Basi, je, mfalme aliyeshindwa vita aliwezaje kubaki mfalme? Tusome habari zake tupate kujua.

2. Ngoma na mbegu

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ngoma ya kupigwa, na maana ya pili ni ufalme. Aliyepewa ngoma alikuwa amepewa nchi. Ngoma iliyoheshimiwa kuliko zote iliitwa Karyenda, nayo ilitunzwa na watu maalum.

Wafalme wa Burundi walikuwa na majina manne yaliyopokezana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Warundi walisimulia kwamba mtoto aliyeandikiwa kuwa mwami huzaliwa ameshika mbegu mkononi. Kila mwaka, wakati wa kupanda mtama, ilifanywa sikukuu kubwa iliyoitwa umuganuro. Mwami alibariki mwaka mpya wa kilimo, ngoma zikalia, na raia wakaenda mashambani kwa furaha. Maana ya desturi hizi ni rahisi kufahamu: mfalme hakupewa nchi aile, alipewa nchi ailishe.

Tena, mwami hakuhesabiwa upande wa Wahutu wala upande wa Watutsi. Alikuwa juu ya wote, ili kila mtu aweze kumwita baba yake. Chini yake walikuwa baganwa, yaani wana na wajukuu wa wafalme, ambao walitawala sehemu za nchi. Mara nyingi wakubwa hawa waligombana wao kwa wao, na wapiganapo tembo nyasi huumia.

Lakini juu ya kila kilima walikuwako wazee walioitwa bashingantahe. Hawa walichaguliwa kwa sababu ya ukweli wao na busara yao. Mtu hakuweza kuwa mushingantahe kwa kujitangaza mwenyewe. Majirani walimchunguza muda mrefu, kisha wakamsimika mbele ya watu wote katika karamu. Alipewa fimbo iitwayo intahe, na kwa fimbo hiyo aligonga ardhi alipotoa hukumu. Walikata kesi za mashamba, za ng'ombe na za ndoa, hadharani, kila mtu akisikia. Asiyeridhika na hukumu aliweza kupanda kwa mkubwa wa sehemu yake, na mwisho kwa mwami mwenyewe.

Hivi ndivyo Warundi walivyofikiri juu ya ufalme. Wala si wao peke yao duniani waliofikiri hivyo. Zaidi ya miaka 2500 iliyopita, katika nchi ya Uajemi, alikuwako mfalme mkuu jina lake Koreshi, anayetajwa katika Maandiko Matakatifu. Mwaka 539 kabla ya Kristu aliuteka mji wa Babeli, kisha akawapa ruhusa Wayahudi waliofungwa huko warudi kwao kulijenga hekalu. Waajemi wa kale waliamini kwamba mfalme mwenye haki huzungukwa na utukufu utokao mbinguni kama mwanga. Lakini akianza kusema uongo na kudhulumu, utukufu huo humtoka, hata kama bado anakaa katika kiti cha enzi. Wafalme kama hao hubaki na askari tu, na askari peke yao hawatoshi.

3. Mfalme mtoto

Baba yake Mwezi alikuwa Ntare Rugamba, shujaa wa vita aliyepanua mipaka ya Burundi. Ntare alikufa karibu na mwaka 1850. Mwezi alikuwa bado mtoto mdogo. Basi kaka yake mkubwa aliyeitwa Ndivyariye alishika utawala kwa niaba yake.

Miaka ikapita, mtoto akawa kijana, na kijana akawa mtu mzima. Mwezi akataka kutawala mwenyewe. Lakini Ndivyariye alikuwa amekwisha kuzoea kuamuru, na mtu aliyezoea kuamuru haachi upesi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ndugu hao wakapigana vita, na Ndivyariye akashindwa.

Baada ya hapo Mwezi akaanza kuwaondoa wana wa Ntare katika sehemu walizotawala, akaweka wanawe mwenyewe mahali pao. Wana wa Ntare na wajukuu wao waliitwa Batare. Wana wa Mwezi na wajukuu wao waliitwa Bezi. Uadui wa nyumba hizi mbili haukuisha upesi, uliendelea hata kwa wajukuu na vitukuu. Katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini wakubwa walimtambua Mwezi kwa jina tu, bali amri zake hawakuzifuata.

Hivyo tusidhani kwamba Mwezi alikuwa malaika. Alipenda utawala kama wafalme wengi walivyoupenda, na damu ya ndugu ilimwagika kwa ajili yake. Lakini katikati ya nchi, katika milima ya Muramvya na kandokando yake, raia walimshika kama mwami wao wa kweli. Walimjengea maboma, wakamletea mtama, pombe na ng'ombe, na kwake walipeleka mashtaka yao makubwa.

4. Hatari itokayo ziwani

Wakati ule watu wageni walianza kufika ziwani Tanganyika. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walisafiri kwa mitumbwi toka Ujiji hata Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, lakini hawakufika mdomoni mwake. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika hapo kwa mtumbwi, wakaona kwa macho yao kwamba mto unaingia. Huko ufukoni walisikia habari za mfalme mkuu wa milimani aliyeitwa Mwezi.

Nyuma ya wasafiri walikuja wafanya biashara wenye bunduki. Mmoja aliyeogopwa sana alikuwa Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimpa jina la Rumaliza. Makao yake yalikuwa Ujiji, na katika miaka ya 1880 watu wake walikaa pia Uvira. Walitafuta pembe za ndovu, na zaidi walitafuta watumwa. Vijiji vya ukingoni vilichomwa moto, wazee wakaachwa, na vijana wakafungwa kwa minyororo, wakapelekwa mbali. Nchi ya Uvira na bonde la Rusizi ziliteseka sana wakati huo.

Rumaliza akatamani kupanda milimani, kwa maana alijua kwamba watu wa Burundi ni wengi mno. Kama angelifaulu, maelfu ya Warundi wangelishushwa ziwani kama mifugo. Lakini alikuta nchi isiyo tupu. Watu wa Mwezi walikuwa na mikuki, pinde na mishale tu. Hata hivyo walikuwa wengi, walijua kila njia ya milima yao, na walikuwa na mwami wa kupigania. Watu wa Rumaliza wakarudishwa nyuma. Hawakuweza kuifanya Burundi ya milimani kuwa shamba la kuvunia watumwa. Mwaka 1894 nguvu ya Rumaliza ilivunjwa kabisa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, naye akakimbia.

Jambo hili Warundi hawakulisahau. Mfalme aliyewalinda wasiuzwe alikuwa amelipa deni lake kwa raia. Tangu siku hizo jina la Mwezi lilisemwa kwa heshima hata na wengine wasiompenda.

5. Miaka ya taabu

Baada ya vita ya watumwa ikaja taabu nyingine, ambayo mkuki haukuweza kuizuia. Karibu na mwaka 1891 maradhi ya ng'ombe iitwayo sotoka ilifika. Ng'ombe walikufa kwa makundi makundi, na mtu aliyelala tajiri aliamka maskini. Ikaja pia ndui, wakaja funza wa miguuni, na njaa ikafuata.

Wakati wa mashaka kama huo watu hutafuta mwokozi. Mwezi wa Septemba 1892 msafiri mmoja Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Burundi. Umati wa watu ukamkimbilia wakiimba na kucheza. Walidhani kwamba huyu mgeni wa rangi nyeupe ni mfalme wa kale wa ukoo wa Mwezi, aliyerudi kuwaokoa. Kumbe alikuwa msafiri tu. Habari hii yaonyesha mambo mawili. Kwanza, watu wengi walikuwa hawajamwona mwami wao uso kwa uso. Pili, jina la mwami lilikaa ndani kabisa ya mioyo yao, na katika taabu walitamani kuona haki yake.

6. Vita na Wadachi

Huko Ulaya, wakubwa wa mataifa walikuwa wamegawana Afrika juu ya karatasi, bila kuwauliza wenye nchi. Burundi iliwekwa katika sehemu ya Wadachi. Mwaka 1897 Wadachi walijenga boma Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, kwenye ncha ya ziwa, ukitazamana na Uvira.

Mwezi hakutaka kuwatii. Alihama toka boma moja hata jingine, na kwa muda mrefu hawakuweza kumshika. Mapadri nao waliokuja kufungua misioni Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899 aliwatazama kwa mashaka. Hakuona bado tofauti kati ya mgeni mwenye bunduki na mgeni mwenye msalaba.

Mwaka 1903 kapiteni wa Usumbura, von Beringe, alikata shauri kumvunja nguvu. Mkubwa wake, Gavana von Götzen aliyekaa Dar es Salaam, hakutaka vita hiyo, lakini kapiteni hakungoja ruhusa. Akaenda na askari wenye bunduki na mizinga. Tena alipata wasaidizi ndani ya nchi yenyewe. Mmoja aliitwa Kilima, aliyetawala sehemu ya kaskazini magharibi na kujidai kuwa mfalme. Wa pili aliitwa Maconco, mkwe wa Mwezi, aliyemwoa binti yake. Wazee husimulia kwamba ugomvi wa Mwezi na Maconco ulianza kwa sababu ya mbwa: mwami alimtaka, na Maconco akakataa kumtoa. Mbwa mmoja, na nchi nzima ikawaka moto! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Mikuki haikuweza kushindana na mizinga. Maboma ya Mwezi yalichomwa, na raia wengi wakafa. Ndipo mfalme mzee akafikiri. Angaliweza kukimbia mbali na kuokoa nafsi yake. Angaliweza pia kuendelea na vita mpaka nchi iwe majivu. Hakufanya lile wala hili. Akatoka mafichoni, akaenda Kiganda kwa Wadachi. Tarehe 6 Juni 1903 alikubali mapatano. Alilazimishwa kuitambua serikali ya Wadachi, kutoa faini ya ng'ombe 424, kuacha misioni na wasafiri kwa amani, na kuwakubali Maconco na Kilima wajitawale katika sehemu zao.

Ilikuwa siku ya haya kubwa. Lakini vita ikaisha, na watu wakarudi kujenga nyumba zao.

7. Ngoma haikuhama

Kapiteni alidhani amemaliza kazi yake. Kumbe alikuwa amevunja mtungi bila kuwa na mwingine wa kuchotea maji. Wakubwa wa sehemu walipoona mwami ameshushwa, kila mmoja alitaka kuwa mwami. Mmoja hakumtii mwenzake, wala hawakuwatii Wadachi. Mabavu yakazidi, na raia wakaonewa na wengi badala ya mmoja. Maconco alikuwa na sehemu ya nchi, lakini hakuwa na ngoma. Kilima alikuwa na urafiki wa wageni, lakini hakuwa na baraka ya mbegu. Watu waliwaogopa, bali hawakuwaita baba.

Gavana von Götzen akakasirika juu ya kazi ya von Beringe, na kapiteni huyo akaondolewa. Mahali pake akawekwa von Grawert. Huyu alitazama mambo kwa utulivu, akaona kwamba Mwezi peke yake ndiye anayeweza kuita nchi ikaitika. Mwaka 1905 Wadachi wakamtambua Mwezi tena kuwa mfalme wa Burundi yote. Maconco akawageuka Wadachi waliomwinua, akauawa mwaka huo huo. Kilima naye akakamatwa, akahamishwa mbali na nchi yake. Aliyeinuliwa na mkono wa mgeni huangushwa na mkono ule ule.

Lakini ushindi huo wa Mwezi ulikuwa na uchungu ndani yake. Tangu siku hiyo Wadachi walimsaidia kuwatiisha wakubwa waliomkataa. Zamani ngoma yake iliegemea mioyo ya raia; sasa iliegemea pia bunduki za boma la Usumbura. Mfalme aliyekataa kuwa mtumishi wa wageni alianza kuwahitaji. Waliokuja nyuma yake waliupata mzigo huo, nao ulikuwa mzito.

Mwezi Gisabo alikufa tarehe 21 Agosti 1908, amekwisha kuwa mzee. Hakubatizwa, lakini kabla ya kufa aliona misioni zikisimama katika nchi yake kwa amani. Mwanawe aliyekuwa kijana tu alirithi ngoma kwa jina la Mutaga. Baada ya Mutaga akaja Mwambutsa, aliyewekwa mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo.

Mwana wa Mwambutsa aliitwa Louis Rwagasore, kitukuu cha Mwezi. Huyu hakungoja kurithi kiti. Alikwenda kwa raia, kilima kwa kilima, akawaomba kura zao. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilipata viti 58 kati ya 64. Aliuawa kwa risasi huko Usumbura tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, kabla nchi haijapata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Ufalme wenyewe ulikoma mwezi wa Novemba 1966, na Burundi ikawa jamhuri.

8. Tunajifunza nini?

Leo hakuna mwami Burundi, na ngoma kubwa zimebaki kuwa kumbukumbu na fahari ya taifa. Lakini fundisho la maisha ya Mwezi halikukoma pamoja na ufalme.

Mtu aweza kupata kiti kwa kuzaliwa, kwa vita, au kwa msaada wa wageni. Kukaa juu ya kiti hicho kwa heshima ni jambo lingine. Mwezi alipowalinda raia wasiuzwe, raia walimlinda. Alipowanyang'anya ndugu zake sehemu zao, alipanda magugu yaliyomsumbua mpaka uzee. Alipojishusha Kiganda ili vita ikome, adui zake walidhani amekwisha, kumbe siku ile hakupoteza kitu machoni pa watu wake.

Kila mkubwa, awe mfalme, au chifu, au mkuu wa kijiji, au kiongozi wa darasa, ameshika mbegu mkononi mwake. Mwenyezi Mungu atamwuliza siku moja kama alizipanda au alizitafuna.

Maswali

1. Neno ingoma lina maana gani mbili katika Kirundi?
2. Bashingantahe walichaguliwa namna gani? Kazi yao ilikuwa nini?
3. Kwa nini Rumaliza hakuweza kuishinda nchi ya milimani?
4. Mapatano ya Kiganda yalifanywa mwaka gani? Mwezi alilazimishwa kutoa nini?
5. Kwa nini Wadachi walimrudishia Mwezi heshima yake?
6. Eleza kosa moja la Mwezi na tendo moja jema alilolifanya.
7. Waajemi wa kale waliamini nini juu ya mfalme anayeacha haki? Linganisha na mbegu za Warundi.